Utingo wa Njia ya Kaskazini

Shemeji yangu akisimamisha gari hajinyooshi mgongo kwanza kama wasafiri wengine, wala haulizi choo kiko wapi. Anashuka, anazunguka nyuma, anachuchumaa kando ya tela na kuweka mgongo wa mkono wake juu ya kitovu cha gurudumu. Anatulia hapo kama mama anayempima mtoto homa. Kisha gurudumu la pili. Kisha anavuka upande mwingine: la tatu, la nne. Yote yakiwa na uvuguvugu sawasawa, anasimama, anajipangusa vumbi la magotini na kutamka neno moja: "Wazima." Hapo ndipo na sisi tunapata ruhusa ya kwenda kununua chai.

Siku mbili za mwanzo nilidhani ni mazoea ya mtu mwoga. Siku ya tatu nilimwuliza. Akaniambia kwamba gurudumu moja likiwa na joto kuliko wenzake, ama beringi inakufa ama breki imeng'ang'ania, na ni heri uambiwe na ngozi yako kwenye maegesho ya duka kuliko kuambiwa na gurudumu lenyewe likikupita barabarani. Na kwa nini mgongo wa mkono, si kiganja? "Ukiungua mgongo," alisema, "kiganja bado kitashika usukani."

Tulikuwa sita ndani ya gari la safu tatu za viti. Shemeji kwenye usukani, dada yangu kando yake na ramani. Safu ya kati Mama mzazi wa shemeji, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea Edmonton majira ya joto, pamoja na mjukuu mdogo. Mimi na mjukuu mkubwa nyuma kabisa, magoti yakikaribia videvu. Nyuma yetu likafuata tela lenyewe: chumba cha mita saba juu ya ekseli mbili, chenye vitanda, meza, jiko la gesi, friji, na choo ambacho Mama alikikagua kwa makini kabla ya kukubali kusafiri. Shemeji alilinunua kuukuu kwa mzee mmoja aliyechoka kutembea. Sisi tuliliita tela. Mama aliliita kontena.

Tulikuwa tunakwenda kaskazini kwa barabara kuu ya Alaska. Kilomita ya kwanza ya barabara hiyo huhesabiwa mjini Dawson Creek, mwendo wa karibu kilomita 600 kutoka Edmonton, na kutoka hapo inapita British Columbia na Yukon mpaka Delta Junction, ndani ya Alaska; jumla yake leo ni kama kilomita 2,200. Sisi tusingefika mwisho. Viza ya Mama ilikuwa ya Kanada tu, kwa hiyo tulipanga kugeuza Beaver Creek, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Mama hakuona ubaya. Alisema mwisho wa barabara ni pale unapogeuzia.

Sasa, shemeji hakujifunza kuvuta tela Kanada. Ujana wake uliishia kwenye njia ya Tunduma, akiwa utingo wa lori lililobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka, na mara nyingine kuvuka hadi Lubumbashi. Wakenya humwita utingo taniboi. Mtu wa mjini anamjua kama kijana wa ovaroli lenye mafuta anayening'inia mlangoni, na akiulizwa kazi yake atajibu kuwa ni msaidizi wa dereva, basi. Lakini kwenye njia ndefu dereva anaangalia mbele, na utingo anaangalia kila kitu kilichobaki: turubai, kamba, matairi, taa za nyuma, maji ya rejeta, jiwe la kuzuilia gurudumu mlimani, na vijana wanaodandia tela gari likipunguza mwendo ili wapunguze na mzigo. Lori likifa njiani, utingo ndiye anayekata matawi na kuyapanga barabarani nyuma yake ili wanaokuja wajue kuna msiba mbele. Dereva akilala kebini, utingo analala chini ya tela.

Dereva wake, ambaye mpaka leo anamtaja kwa jina la Mzee tu, naye alianza njia hiyo akiwa utingo. Ilikuwa baada ya Novemba 1965, wakati Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru na Zambia ikajikuta njia zake za kusini hazitegemeki tena. Mafuta ya Zambia yakaanza kupita Tanzania kwa malori, juu ya barabara ya udongo ambayo masika ilikuwa ikigeuka uji. Lami ilikuja baadaye. Huyo Mzee alikuwa na kipande cha nondo, na kila alfajiri aligonga tairi moja moja na kusikiliza. Tairi iliyojaa upepo hurudisha nondo kwa mlio mkavu. Iliyopungua hulipokea pigo kimya, kama gunia. Shemeji aligonga matairi miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika usukani, tena ndani ya yadi. Hivyo ndivyo madereva wengi wa enzi hizo walivyopatikana. Chuo chao kilikuwa kiti cha kushoto.

Nayaeleza haya kwa sababu usiku wa kuamkia safari shemeji alinipa kazi. Mimi ni mhasibu. Mikono yangu haijawahi kushika kitu kizito kuliko faili. Akanipeleka uani, akanionyesha tufe la chuma lenye ukubwa wa chungwa dogo nyuma ya gari, na kikombe cha chuma kwenye mkono wa tela kinacholifunika. Akanionyesha minyororo miwili inayopishanishwa chini yake, wa kushoto unafungwa kulia na wa kulia kushoto, ili mkono wa tela ukichomoka uangukie juu ya minyororo, usichimbe lami. Akanionyesha plagi ya taa na breki. Mwisho, waya mwembamba ambao ungeweza kudhani ni wa kuanikia soksi: tela likikatika kabisa na kuachana na gari, waya huo unavuta pini, na tela linajifunga breki lenyewe. Kisha akaniambia nivitaje vyote kwa sauti, nikigusa kila kimoja. "Kila tukiondoka utavitaja," alisema. "Wewe ndiye utingo."

Somo la kwanza tulilipata kwa mchele. Dada alikuwa amepakia nyuma kabisa ya tela, kwenye boksi lililokuwa karibu na mlango wa ua, kwa kuwa ndilo lilikuwa jepesi kufikia: magunia mawili ya mchele ya kilo 20, unga wa sembe, sufuria la pilau, madumu ya maji. Nami sikuangalia. Tulikuwa kwenye mteremko mpole magharibi mwa Edmonton, kasi kama kilomita 100 kwa saa, lori kubwa likatupita, na upepo wake ukalisukuma tela. Likatikisa mkia. Likatikisa tena, zaidi. Ndani ya gari ilikuwa kama mtu ametushika mabega sote kwa pamoja na kututikisa.

Shemeji hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani ukiwa umenyooka, na kidole chake kikatafuta chini ya dashibodi kijiti kidogo kinachofunga breki za tela peke yake. Akakiminya taratibu. Tela likavutika nyuma, likanyooka kama kamba iliyokazwa. Tukasimama pembeni. Kimya.

"Nani kapakia nyuma?"

"Mchele wangu huo," alisema Mama, ambaye hakupakia kitu.

Kanuni yake ni hii. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lazima iukalie mkono wake wa mbele, pale lilipofungwa kwenye gari. Letu likiwa limejaa lilikaribia kilo 2,700, kwa hiyo kilo 270 mpaka 400 zilitakiwa zilale mbele. Ukirundika mzigo nyuma ya ekseli, tela linakuwa kama ubao wa pembea wa watoto: nyuma inakaa, mbele inaelea, na gari halina tena mshiko wa kitu linachokivuta. Ukikanyaga breki za gari wakati huo, tela linakusukuma na kuzidi kutapatapa. Ukilifunga breki lenyewe, unalivuta mkia. Nilieleza hayo yote kwa Mama tulipokuwa tukihamisha magunia kuyapeleka mbele ya magurudumu, nikijiona nimeelimika. Mama ni binti wa nahodha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Hata jahazi hulijazi tezi ukaiacha omo tupu, mwanangu."

Tangu hapo nililikagua boksi la nyuma kila asubuhi kama askari wa mizani.

Barabara hii ni ya miteremko. Ukitoka Dawson Creek unaanza vizuri, mashamba na upepo, halafu mito inaanza kuikata nchi, na kila mto una bonde lake. Kabla hatujaukamata mteremko wa mto Sikanni Chief, shemeji aliingiza gia nzito tukiwa bado juu, mahali ambapo mimi ningeongeza mwendo. Gia ya kupandia ndiyo gia ya kushukia. Hilo Mzee alimfundisha Kitonga, mlima wa Iringa ambako abiria wa mabasi huinusa harufu ya breki zilizoungua kabla hawajaliona lori lenyewe. Injini ikanguruma kwa hasira, mguu wa shemeji ukigusa breki na kuachia, kugusa na kuachia. Aliyeshuka na breki amezikanyaga mfululizo atafika chini bila breki. Magari mawili nyuma yetu yalipiga honi. Hakuyajibu.

Chini tulisimama, naye akaenda kuwapima homa wagonjwa wake. Mimi nikasoma habari za barabara ile. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, Marekani iliingiwa na hofu kuwa Alaska ingetengwa, ikatuma jeshi lake kukata barabara porini. Kazi ilianza Machi 1942 na kabla mwaka haujaisha njia ilikuwa imepenya. Askari wahandisi zaidi ya 10,000 walikuwamo, na zaidi ya theluthi yao walikuwa weusi, katika jeshi lililowatenga bado kwa rangi. Daraja la kwanza la Sikanni Chief lilijengwa na kikosi cha 95, kikosi cha weusi chini ya maofisa weupe, watu ambao wengi wao walitoka majimbo ya joto ya kusini. Walikata miti palepale. Wengine walisimama kwenye maji ya baridi yaliyowafika kifuani. Usiku walimulikiwa na taa za malori. Daraja la mbao likasimama chini ya siku nne. Nilimsomea shemeji yote hayo naye akiwa amelala chali chini ya tela anaangalia grisi.

"Nani alikuwa anawashikia taa?" akauliza.

Hilo halikuwemo kwenye maandishi.

Fort Nelson ndipo nilipoaibika, na nitapaeleza kwa kirefu kwa kuwa ndipo nilipoanza kuuheshimu ufundi huu. Kambini kila familia hupewa nafasi yake kati ya miti, mfano wa kibanda sokoni, na tela linatakiwa liingie kinyumenyume. Shemeji alizima injini, akashuka, akanipa funguo. "Leo rivasi ni yako."

Kwenda mbele na tela si kazi ngumu. Ukikumbuka kona uzile kwa upana, litakufuata kama mbuzi wa kamba. Kurudi nyuma mambo yanageuka: sasa tela ndilo linaloongoza na wewe ndiye unayelifuata, tena unalifuata kwa mgongo. Ukikata usukani kulia, nyuma ya gari inakwenda kulia, inausukuma mkono wa tela kulia, na mkia wa tela unakwenda kushoto. Akili inalijua hilo. Mikono haitaki kusikia.

Mpwa wangu mkubwa, aliyezaliwa Edmonton na ambaye Kiswahili chake amekipata jikoni kwa mama yake, alikuwa amesoma kijitabu cha tela mwanzo hadi mwisho. Akanipa ushauri dirishani: "Mjomba, weka mkono saa sita." Nikaweka mkono juu kabisa ya usukani, maana saa sita yangu mimi Mswahili iko juu, adhuhuri ilipo. Tela likaenda kusikotakiwa. Nikajaribu tena. Likaenda huko huko, mpaka gari na tela vikakunjana kama mguu uliopigwa ngwara na pembe ya gari ikabakiza shubiri mbili kuigusa bati. Wazee wawili wa kambi ya jirani waliokuwa wakiota moto waligeuza viti vyao kutuelekea. Moto wao ukasahauliwa.

Ilitumika nusu saa nzima kugundua kwamba mtoto alikuwa akiisoma saa ya Wazungu. Kwao sita ni ile namba ya chini, mahali ambapo sisi tunasema saa kumi na mbili.

Hapo shemeji akaja dirishani. Hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru maisha. "Weka mkono chini ya usukani," alisema. "Sasa usahau usukani. Mkono ukienda kulia, mkia unakwenda kulia. Mkono ukienda kushoto, mkia unakwenda kushoto. Kidogo kidogo, kama unatia chumvi. Ukiona umeharibu usirekebishe palepale. Nenda mbele, nyooka, anza upya. Kwenda mbele si aibu." Kisha akatembea nyuma, akasimama mahali ambapo ningeweza kumwona kwenye kioo, akapiga bati kwa kiganja mara mbili, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tufahamiane, sauti ya yadi za Tunduma saa nane za usiku:

"Njoo! Njoo nayo! Kata kulia, kata, kata, kata… rudisha! Nyoosha. Lete. Lete. Kushoto kidogo. Lete, lete, lete… baasi!"

Na kofi moja kwenye bati, pa!, maana yake simama.

Msitu wa British Columbia ukanyamaza. Nilikuwa nimeingia, ingawa kwa mshazari kidogo, baada ya kwenda na kurudi mara kumi na moja. Mpwa wangu alizihesabu. Wale wazee wawili walipiga makofi. Usiku ule nilitambua kitu kuhusu ile sauti. Dereva anayerudi nyuma ni kipofu kwa nusu ya gari lake, naye amekubali kuongozwa na macho ya mtu aliyesimama vumbini. Mzee wa njia ya Tunduma, kwa ukali wake wote, kila siku aliurudisha utajiri wa watu wengine kwenye maghala kwa kumwamini kijana wa ovaroli aliyekuwa akimlipa posho ya ugali.

Liard tulioga kwenye chemchemi za maji moto, na Mama, aliyesema haogi hadharani, alikaa kwenye ubao akatia miguu kwa saa nzima, akidai ni kwa ajili ya baridi yabisi. Njiani nyati wa Amerika walilala kando ya lami kama ng'ombe wa mtu. Watson Lake kuna msitu wa vibao: mwaka 1942 askari mmoja, Carl Lindley, alipigilia kibao cha mji wake wa Danville, Illinois, na wapita njia hawajaacha kumwiga; sasa vimezidi 80,000. Watoto walipigilia kipande cha ubao kilichoandikwa TANGA. Mimi nilishika ngazi.

Yukon ilikuwa na mtihani wa aina nyingine. Tela lisipokaa sawa, friji linakufa, na hilo Mama hakulikubali mpaka alipooneshwa. Friji la tela letu lilikuwa la moto: mwali mdogo wa gesi huchemsha amonia ndani ya mabomba, na hakuna pampu ya kuisukuma, vimiminika vinarudi chini kwa uzito wao wenyewe. Tela likiinama sana vinakwama, na baada ya muda friji halitengenezeki. Kwa hiyo kila jioni shemeji aliweka pima maji juu ya meza, na mimi nikapanga vibao chini ya matairi ya upande ulioshuka. Kwanza kulia na kushoto, tela likiwa bado limefungwa kwenye gari. Kisha kabari mbele na nyuma ya matairi, ndipo lifunguliwe. Mwisho mbele na nyuma, kwa jeki ya mkono. Ukigeuza mpangilio huo, ukalifungua kabla ya kabari, tela litakwenda zake peke yake, na halitakuaga. Mama alikuwa akisimama mlangoni na glasi ya maji mkononi, akiiweka mezani kuhakiki kazi ya pima maji. "Moto unagandisha nyama," alikuwa akisema. "Subhanallah."

Yeye alikuwa na vipimo vyake. Mwishoni mwa Juni jua la Whitehorse linatua karibu saa tano na nusu usiku, na giza lenyewe halifiki; anga linabaki na weupe mpaka kunakucha. Suala la isha lilijadiliwa kwa simu na Tanga kwa siku mbili, likaamuliwa tufuate ratiba ya mji mwingine, nami sitaingia humo. Lililonishangaza ni kibla. Edmonton tulikuwa tukielekea kaskazini mashariki. Whitehorse, mpwa wangu alipofungua programu ya kibla, mshale ulikaribia kabisa kaskazini, kwani dunia ni mviringo na njia fupi ya kwenda Maka kutoka huko inapita karibu na ncha yake. Mama hakushangaa hata kidogo. Tanga iko karibu kusini sawasawa mwa Maka. Kaskazini ndiko alikoelekea tangu utoto. "Basi kama nyumbani," alisema, akatandika mswala kwenye ujia kati ya meza na vitanda. Jioni iliyofuata nilimwona shemeji akilirudisha tela kwenye nafasi yake, akitoka, akiangalia jua, akirudi ndani ya gari na kulisogeza tena kidogo ili ujia ule uelekee kaskazini. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyuma nikisema lete, lete.

Huko huko nilimsimulia Mama juu ya msikiti wa Inuvik, mbali zaidi kaskazini, juu ya Duara la Aktiki. Waislamu wa hapo hawakumudu gharama za kujengea palepale, kwa hiyo mwaka 2010 msikiti wao ulijengwa Winnipeg, ukavutwa kwa lori, kisha ukapakiwa kwenye tishari kuteremka na mto Mackenzie, safari ya kilomita kama 4,000. Mama alifikiri kidogo. "Nao ulikuwa kontena," akasema.

Ukishalipita ziwa Kluane lami inaanza kucheza. Chini yake kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima, na askari wa 1942 waliijifunza kwa taabu: walipokwangua utando wa mimea juu yake kama walivyozoea kwao, jua liliyeyusha barafu na njia ikawa tope lililomeza mashine. Wakabadili. Waliacha utando, wakalaza magogo juu yake, wakamwaga kokoto, ili barafu ibaki imelala. Mpaka leo inageuka usingizini, na barabara inavimba na kubonyea. Mahali pabaya zaidi huwekwa vibendera pembeni. Tulikwenda mwendo wa baiskeli. Kila tuta la siri liliturusha sisi kwanza, halafu, baada ya pumzi moja, tela. Dada alijifunza kuhesabu: moja, na sufuria.

Karibu na Beaver Creek ndipo pande mbili za ile kazi zilipokutana, Oktoba 1942. Husimuliwa kuwa Koplo Refines Sims Mdogo, mtu mweusi wa Philadelphia, wa kikosi cha 97, alikuwa akisukuma miti kwa tingatinga lake alipoona miti mingine ikimwangukia kutoka mbele. Akatia rivasi haraka, akarudi nyuma, na papo hapo likachomoza tingatinga la Alfred Jalufka, mzungu wa Texas, wa kikosi cha 18. Walipigwa picha wakishikana mikono. Wanaoisimulia habari hiyo hupenda ule mkono. Mimi naipenda ile rivasi.

Kambi ya Beaver Creek ilikuwa karibu tupu. Hakukuwa na wazee wa kugeuza viti. Shemeji alisimamisha gari, akazima, akashuka, akagusa magurudumu manne, akasema, "Wazima," akanirushia funguo. Niliweka mkono chini ya usukani. Kiooni nilimwona amesimama vumbini, mkono mmoja juu ya bati.

Niliingia mara ya tatu, nimenyooka. Lilipolia kofi la kusimama nilishuka kwenda kuchukua kabari kwenye boksi la mbele. Hazikuwemo. Shemeji alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili, anazikandamiza chini ya matairi, kazi ambayo tangu Edmonton ilikuwa yangu.